Nishani ya Mtakatifu Karoli: Msalaba Mdogo wa Nchi Ndogo

Jioni moja mama jirani yangu, mjane wa sajini wa polisi, alibisha hodi mlangoni pangu akiwa na kifurushi cha kitambaa mkononi. Alikifungua juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na nishani ya marehemu mumewe. Utepe wake ulikuwa umechakaa, kwa sababu wajukuu walikuwa wamemfungia mwanasesere, na pembeni mwa madini palikuwa pameanza kuota kutu ya kijani.

"Mwanangu," alisema, "wewe ndiye uliyesoma. Kuna mtu anayenunua vyuma chakavu amenitajia bei ya kitu hiki. Nimuuzie au nisimwuzie? Hebu niambie, kina thamani gani?"

Nilimwomba anipe siku chache. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Katika nyumba nyingi za askari na polisi imo nishani ya namna hiyo, ndani ya sanduku la bati au imetundikwa ukutani kando ya picha ya baba. Wenye nyumba hujua kwamba ni kitu cha heshima. Lakini ukiwauliza heshima hiyo imetoka wapi na inakaa katika sehemu gani ya kile kipande cha madini, aghalabu watanyamaza, kama nilivyonyamaza mimi.

Niliona ni vyema swali hili lipimwe mahali ambapo dhahabu si kitu cha ajabu. Mahali hapo ni Monako, nchi ndogo iliyo kando ya Bahari ya Mediterania, iliyozungukwa na Ufaransa pande zote za nchi kavu. Eneo lake lote ni kama kilomita mbili za mraba, na wakazi wake hawafiki 40,000. Ni nchi ya matajiri. Kama thamani ya nishani ingekuwa katika madini yake, basi mtu wa Monako asingeihangaikia hata kidogo, kwa maana angeweza kununua kilo nzima ya dhahabu dukani. Hata hivyo, kila mwaka huko Monako wanaume na wanawake husimama wima, mioyo ikiwadunda, wakingoja kubandikwa kifuani msalaba mdogo wa fedha. Tuone kwa nini.

MTAWA MWENYE UPANGA

Mtawala wa Monako huitwa Mwanamfalme, ingawa hakuna mfalme aliye juu yake. Ukoo wake ni ule wa Grimaldi. Wenyewe husimulia kwamba tarehe 8 Januari, 1297, mtu mmoja wa ukoo huo, François Grimaldi, alikwenda kwenye ngome ya Monako akiwa amevaa joho la mtawa. Walinzi walimfungulia lango kama mtu wa Mungu anayeomba hifadhi. Alipokwisha kuingia alichomoa upanga uliokuwa umefichwa ndani ya joho, wenzake wakamfuata, na ngome ikatekwa. Ndiyo maana hadi leo nembo ya Monako inaonyesha watawa wawili wenye panga mikononi, wakiishika ngao yenye vipande vyekundu na vyeupe vya umbo la almasi. Chini yake yameandikwa maneno mawili ya Kilatini, Deo Juvante, yaani kwa msaada wa Mungu.

Askari anayesoma habari hii atatabasamu, na pengine atawakumbuka walinzi wale waliolala kazini. Lakini na aziweke akilini zile rangi mbili, nyekundu na nyeupe, pamoja na maneno yale ya Kilatini, maana tutakutana navyo tena juu ya nishani.

NISHANI ILIYOZALIWA WAKATI WA HASARA

Nishani kuu ya zamani ya Monako ni Nishani ya Mtakatifu Karoli. Iliundwa tarehe 15 Machi, 1858, na Mwanamfalme Charles wa Tatu, ambaye aliipa jina la mtakatifu aliyekuwa somo wake.

Ni lazima tujue hali ya nchi ilivyokuwa mwaka ule. Wakati huo Monako haikuwa nchi ya matajiri hata kidogo. Mnamo mwaka 1848 miji yake miwili, Menton na Roquebrune, iliasi kwa kuchoshwa na kodi nzito. Miji hiyo ndiyo iliyokuwa na mashamba ya malimau, na kwayo ndiyo ilikuwa tegemeo la hazina ya serikali. Charles alipotawazwa mwaka 1856 alirithi ukoo wenye jina kubwa na sanduku la fedha lililokuwa tupu. Miaka mitatu baada ya kuunda nishani, yaani tarehe 2 Februari, 1861, alitia sahihi mkataba wa kuiachia Ufaransa miji ile miwili kwa malipo ya faranga milioni nne. Kwa kalamu hiyo moja Monako ilipoteza karibu asilimia 95 ya ardhi yake. Kilichosalia kilikuwa ni mwamba wenye ngome, bandari, na vilima vichache vya mawe.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1863 ilianzishwa kampuni ya kuendesha nyumba ya kuchezea kamari. Mwaka 1866 kilima iliposimama nyumba hiyo kilipewa jina la Monte Carlo, yaani mlima wa Charles. Mwaka 1868 reli ilifika. Mwaka 1869 mtawala aliwaondolea raia wake kodi ya mapato, na fedha za wageni zikaanza kumiminika.

Msomaji na atazame vyema utaratibu wa miaka hiyo. Nishani ilitangulia, utajiri ukafuata. Charles aliiunda wakati alipokuwa hana mashamba ya kugawa wala mshahara mnono wa kuwaongezea watumishi wake. Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtawala yule alikuwa na wachezaji waaminifu lakini alikosa cha kuwatunza, naye akawatunza kwa kuwataja hadharani. Alitawala hadi mwaka 1889, na katika miaka yake ya mwisho macho yake yalikuwa yameingia giza.

MSALABA WENYEWE

Sasa tuitazame nishani yenyewe kama ingekuwa mbele yetu juu ya meza.

Ni msalaba wenye mikono minne inayopanuka kuelekea nje, kila mkono ukiishia kwa ncha mbili, hivyo zote kwa jumla ni ncha nane. Mikono hiyo ni myeupe na kingo zake ni nyekundu. Katikati ya mikono limezunguka shada la majani ya kijani, mfano wa lile ambalo Warumi wa kale waliwavika washindi wao. Juu ya msalaba limekaa taji, na juu ya taji ndipo penye pete ya kupitishia utepe. Utepe wenyewe una mistari myekundu na myeupe, ambazo ni rangi za Grimaldi.

Kitovuni mwa msalaba mna duara jekundu lenye herufi mbili za C zilizofungamana, kwa ajili ya jina la mwanzilishi. Kuzunguka duara hilo yameandikwa maneno Princeps et Patria, maana yake Mtawala na Nchi. Ukiugeuza msalaba utaona upande wa nyuma ile ngao ya vipande vyekundu na vyeupe, na maneno Deo Juvante. Hivyo anayeivaa hubeba mbele sababu ya kutunzwa kwake, na nyuma, mahali palipogusana na kifua, hubeba ukoo na sala yake.

Weupe na wekundu huo si rangi ya kupakwa kwa brashi. Fundi husaga kioo cha rangi kikawa unga laini, akauweka juu ya madini, kisha akauingiza katika tanuri yenye moto wa nyuzi kama 800 za Selsiasi. Kioo huyeyuka kikashikamana na madini. Kazi hii hurudiwa tena na tena hadi rangi itimie, kisha husuguliwa ikang'aa. Rangi ya namna hiyo haichujuki kwa jua hata baada ya miaka mia. Lakini ina udhaifu wa kioo. Nishani ikianguka sakafuni, kipande huruka, na kukirudisha ni kazi ngumu.

NGAZI TANO

Nishani hii ina ngazi tano. Mpango huo unafanana na ule wa nishani maarufu ya Ufaransa, Légion d'honneur, iliyoanzishwa na Napoleon mwaka 1802, ambayo iliwafungulia mlango wa heshima watu wasiozaliwa katika koo kubwa.

Ngazi ya chini ni ya Shevaliye, neno la Kifaransa lenye maana ya mpanda farasi. Huyu huvaa msalaba wa fedha upande wa kushoto wa kifua. Juu yake yuko Ofisa, ambaye msalaba wake ni wa rangi ya dhahabu, na juu ya utepe wake limeshonwa ua dogo la kitambaa. Wa tatu ni Kamanda, anayeuvaa msalaba shingoni. Wa nne ni Ofisa Mkuu, ambaye huongezewa nyota kubwa ya kifuani. Wa tano na wa juu kabisa ni mwenye Msalaba Mkuu. Yeye huvaa ukanda mpana unaotoka bega la kulia ukashuka hadi kiunoni kushoto, ambako msalaba huning'inia, pamoja na nyota kifuani.

Wanawake hawakufungiwa nje. Grace Kelly, yule mcheza sinema wa Marekani aliyeolewa na Mwanamfalme Rainier wa Tatu mwaka 1956 na kufariki mwaka 1982, alikuwa na Msalaba Mkuu, na katika picha zake za rasmi anaonekana amevaa ukanda wenye rangi nyekundu na nyeupe.

Baada ya hiyo zimeundwa nishani nyingine. Mwaka 1952 iliwekwa Nishani ya Utumishi wa Utamaduni kwa wasanii na wataalamu, na mwaka 1954 Nishani ya Grimaldi. Ipo pia Medali ya Heshima, ya shaba, fedha na dhahabu, ambayo huwafikia watumishi wa miaka mingi. Kwa askari wa kawaida hiyo ndiyo yenye maana kubwa, kwa sababu haingoji tendo la ajabu. Hutazama uaminifu wa kila siku.

SIKU YA KUVISHWA

Monako ina kikosi kidogo cha walinzi wa Mwanamfalme, kiitwacho Karabinieri, kilichoundwa mwaka 1817. Askari wake ni zaidi kidogo ya mia moja. Kila siku, dakika tano kabla ya saa sita mchana, hubadilishana zamu mbele ya jumba la mtawala, nao wakati wa kiangazi huvaa sare nyeupe. Kipo pia kikosi cha zimamoto, ambacho nacho ni cha kijeshi. Kazi ya watu hawa haina vita. Wanalinda lango, wanaongoza misafara, wanazima moto, wanawaokoa waliozama baharini.

Tarehe 19 Novemba ni Sikukuu ya Taifa. Rainier wa Tatu aliiweka katika siku ya mtakatifu wake, na mwanawe Albert wa Pili, aliyetawazwa mwaka 2005, hakuibadilisha, kwa heshima ya baba yake. Asubuhi kuna sala katika kanisa kuu. Kisha vikosi hujipanga katika ua wa jumba, na askari waliostahili huvishwa medali zao mbele ya wenzao na familia zao.

Mwenye kuivisha naye ametoka katika ukoo uliojua sare. Louis wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 1922 hadi mwaka 1949, alitumikia jeshi la Ufaransa huko Algeria katika ujana wake, akarudi vitani mwaka 1914. Rainier mwenyewe alijiunga na jeshi la Ufaransa mwaka 1944 akiwa ofisa wa cheo cha chini, naye akatunukiwa Msalaba wa Vita.

Nishani haitolewi kwa mdomo tu. Jina la mpokeaji huandikwa katika amri ya mtawala, na amri hiyo huchapwa katika gazeti rasmi la serikali. Hapo ndipo nilipoanza kuliona jibu la mama jirani yangu.

NISHANI ILIPOUZWA

Jibu hilo lilinikaa vizuri zaidi nilipokumbuka kisa kilichotokea Ufaransa mwaka 1887. Rais wa nchi hiyo wakati huo alikuwa Jules Grévy. Mkwewe, mume wa binti yake, aliitwa Daniel Wilson, naye alikuwa mbunge aliyekaa pamoja na rais katika ikulu. Ilikuja kugundulika kwamba Wilson alikuwa akiwatafutia watu Légion d'honneur kwa malipo. Taifa zima lilichafuka. Tarehe 2 Desemba mwaka ule ule, Rais Grévy alilazimika kujiuzulu, ingawa si yeye aliyepokea fedha zile. Mkwewe alishtakiwa, lakini katika rufani aliachiliwa, kwa sababu hapakuwa na sheria iliyolitaja kosa lile. Mwaka 1889 sheria ikatungwa.

Jiulize, msomaji mpenzi, kwa nini watu walikasirika hata rais akaanguka. Haikuibwa dhahabu hata kidogo. Nchini Ufaransa, mtu aliyepewa Légion d'honneur hujinunulia mwenyewe msalaba wake kwa sonara, na bei yake yajulikana. Msalaba unanunuliwa kwa halali, na hakuna anayenung'unika. Kilichouzwa na Wilson kilikuwa ni ushahidi. Taifa linapomvika mtu nishani husema, "Tunashuhudia kwamba mtu huyu alitenda jambo fulani." Anayenunua nishani hununua ushahidi wa uongo, na kila mwenye nishani ya haki huonekana naye kama mwongo. Yule askari aliyepoteza mguu vitani alitembea barabarani mwaka ule akitazamwa kwa jicho la mashaka, watu wakijiuliza alilipa kiasi gani.

Kwa hiyo serikali inayotoa nishani ina wajibu mzito. Ikimpa asiyestahili kwa sababu ya udugu au urafiki, haikumheshimu huyo mmoja. Imewavua wote. Na ikimsahau aliyestahili, imewafundisha vijana kwamba kucheza kwao hakutunzwi.

KUITUNZA NYUMBANI

Kabla sijarudi kwa yule mama, nitaje mambo machache ya matumizi kwa kina mama na vijana wenye nishani majumbani.

Usiisugue nishani kwa jivu, mchanga, wala limau. Jivu na mchanga hukwaruza kioo cha rangi, na limau hula madini. Tumia kitambaa laini kikavu. Ikiwa pana vumbi katika mikunjo, tumia brashi laini ya meno isiyotiwa maji.

Utepe usifuliwe kwa maji ya moto wala usipigwe pasi ukiwa na madini. Rangi zake huingiliana, na mistari ikiingiliana nishani hupoteza lugha yake.

Kila nishani ifungwe peke yake katika kitambaa cha pamba, ili pini ya moja isikwaruze nyingine. Ziwekwe mahali pakavu. Mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa hushika unyevu, na kutu ya kijani hupenda unyevu.

Watoto waonyeshwe, wasimuliwe, lakini wasiachiwe kuchezea.

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Tunzeni karatasi. Barua ya kutunukiwa, nambari ya askari, cheo, kikosi, mwaka na sababu. Nishani ikipotea na karatasi ikabaki, heshima ingali ipo. Karatasi ikipotea, na wenye kukumbuka wakafa, hubaki kipande cha madini ambacho hata mjukuu hajui ni cha nani.

JIBU

Siku ya Jumapili nilikwenda nyumbani kwa mama jirani. Tuliketi barazani, nikamweleza habari za Monako, za msalaba uliotolewa wakati hazina ilikuwa tupu, na za rais aliyeanguka kwa sababu ya mkwewe.

"Mama," nikamwambia, "mtu wa vyuma chakavu hakukudanganya. Bei aliyokupa ndiyo bei ya haki ya madini yale. Ila hajui marehemu alifanya nini, na hilo hakulipima katika mizani yake."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Hata wajukuu hawajui. Mimi mwenyewe sikupata kuwaambia."

Nisiseme uongo mbele ya wasomaji wangu. Nishani haigeuki unga. Mama huyu analea wajukuu watatu, na fedha ile ingewanunulia madaftari. Asingekuwa na kosa lolote kama angeuza, na sikumkataza. Nilimwambia tu achague akijua anachokiuza.

Aliingia ndani akarudi na barua ya zamani, imekunjwa mara nne. Ilikuwa imetoa maelezo mafupi: mafuriko ya usiku, daraja lililobomoka, na sajini aliyeingia majini mara tatu kuwatoa watu ndani ya basi. Mjukuu mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliisoma kwa sauti. Alipofika penye jina la babu yake alisita, akalisoma tena.

Mama alimwambia achukue daftari lake, aiandike upya barua yote kwa hati nzuri, maana karatasi ile ilikuwa imeanza kupasuka katika mikunjo.